Ruta Iliyojaa Kilimani kwa Mzee Wambura

Alhamisi, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, shangazi Gati alipiga honi mara moja nje ya nyumba yetu hapa Tarime, na safari yangu ikaanza nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Cha pili nilikivalia ndani ya gari.

Sababu ya kwenda ilikuwa hii. Shangazi, mdogo wake baba, anauza intaneti. Anaichukua Mugumu, anairusha kwa antena mpaka kilima kimoja karibu na bwawa la Manchira, na kutoka kilimani anairusha tena mpaka machimbo mapya ya dhahabu ambayo wachimbaji wameyapa jina la Njoo Uone. Kule simu ya kawaida haishiki kabisa. Sasa kila Jumamosi, siku ya kuuza dhahabu, watu wote wa Njoo Uone wanajiunga kwa pamoja kuangalia bei ya dunia, na kila Jumamosi, wanunuzi wakishafika tu, mtandao unakata. Jumamosi tatu mfululizo wachimbaji waliuza bila kujua bei. Mwenyekiti wao akamwambia shangazi kwamba amebakiwa na Jumamosi moja. Ukikata tena kabla wanunuzi hawajaondoka, mlingoti wake pale machimboni unang'olewa. Shangazi aliacha ualimu kwa ajili ya mlingoti ule, na ukoo mzima unajua, kwa sababu ukoo mzima ulimkataza.

Alihitaji mtu wa kumsaidia. Baba akasema, "Mchukue Bhoke, yuko likizo."

"Anaweza kazi?"

"Anaandika kwa vidole vyote. Ila usimtegemee kuongea. Huyu simu ikilia anaiangalia mpaka inyamaze."

"Afadhali," shangazi akasema. "Mimi nataka kufikiri njiani."

Alivyosema baba ni kweli. Simu ikilia mimi naona kama mtu ameingia chumbani bila kubisha hodi.

Saa moja kasoro tulipita Nyamongo. Gari la shangazi ni Probox, na juu yake kulikuwa na ngazi, sururu, na bunda la waya limefunikwa turubai. Hilo turubai ndilo lililotuponza. Pikipiki tatu zikatufuata, kila moja na dereva na abiria mwenye koleo. Shangazi akasimama.

"Mama, rashi imetokea wapi?" aliuliza yule wa mbele. Rashi ni pale dhahabu inapoonekana mahali papya na watu wote wakakimbilia huko.

"Hakuna rashi, mura, kijana wangu. Tunaenda kufunga waya."

Wakacheka kwa adabu. Inaonekana kila anayejua dhahabu ilipo husema anaenda kufunga waya, au kuzika, au kuangalia mbuzi. Wakatufuata mpaka tukavuka daraja la Mto Mara. Mbele kidogo ya daraja nilizidiwa, nikamwomba shangazi asimame, nikaingia kichakani. Nilikaa kidogo kwa sababu kulikuwa na siafu na ilinibidi kuhama mara mbili. Niliporudi barabarani nikasikia kishindo nyuma. Jamaa mmoja alikuwa amechomeka koleo lake palepale nilipotoka, kuonyesha kwamba ni pake, na mwenzake anamlalamikia kwamba yeye ndiye aliyepaona kwanza.

Kuwaambia hapo palikuwa choo changu? Ningeanzaje?

Kuanzia hapo hatukufuatwa tena. Shangazi akanieleza kazi. "Ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ni kama meza ya mama lishe," alisema. "Kila anayejiunga anawekewa sahani. Wakija mia tatu kwa mpigo, na sahani za waliokwisha kula hazijaondolewa, meza inajaa. Mama lishe anakaa chini, hali mtu. Hiyo meza ndiyo kumbukumbu ya ruta."

"Si ununue meza kubwa?"

"Imeagizwa, iko njiani. Lakini Jumamosi haisubiri mizigo. Kwa sasa tunaweka mtu wa kuangalia meza. Ikikaribia kujaa aseme mapema, ruta izimwe na kuwashwa, sahani zote ziondoke, watu waanze upya."

Saa nne asubuhi tulifika Mugumu. Shangazi amepanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ndani kuna meza, feni isiyozunguka, na kompyuta inayowaka usiku na mchana. Tulifanya kazi hapo mpaka jua linazama. Kompyuta ikafundishwa kuuliza kila ruta, kila dakika, "Umetumia kumbukumbu kiasi gani?" Kulikuwa na ruta tatu: ya Mugumu, ya kilimani, na ya Njoo Uone. Zote zilijibu. Ya kilimani ndiyo ilikuwa mgonjwa wetu, maana kila kitu kinapita kwake. Shangazi alipanga kwamba ikivuka asilimia themanini na tano, mara tatu mfululizo, kompyuta itume meseji ya onyo, na irudie kila baada ya dakika kumi mpaka ishuke.

"Kwa nini mara tatu?" niliuliza.

"Mtu akipiga chafya moja unampeleka hospitali?"

Meseji zilikuwa ziende kwa watu wawili: shangazi mwenyewe, na Mzee Wambura. Mlingoti wa kilimani uko uani kwa mzee huyu na swichi iko kwenye nguzo. Yeye peke yake ndiye aliye karibu. Na shangazi alinionya kwamba ruta ikishafika tisini haimsikilizi mtu wa mbali tena, itataja namba yake tu, kuizima lazima mkono wa mtu.

"Yangu nimeandika," shangazi alisema, akanyoosha mgongo. Yake ilikuwa maneno mawili na namba: *Kilimani, asilimia*, halafu kompyuta inajaza. "Ya mzee andika wewe. Andika vizuri, ni mtu mzima yule, usimwandikie kama unamwandikia mtoto."

Nilifuta mara nne. Nilikuwa sijamwona huyo mzee lakini nilishaanza kumwonea aibu. Mwishowe niliandika hivi, na nilijiona nimepatia:

*Shikamoo babu. Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya, wewe na bibi na wote nyumbani. Sisi hapa hatujambo. Samahani kwa usumbufu. Kwa heshima kubwa nakuomba uzime ruta iliyo kwenye nguzo, uhesabu mpaka thelathini, kisha uiwashe tena, kwa kuwa kumbukumbu yake imefika asilimia* na namba. *Ahsante sana. Wako mtiifu.*

Shangazi alikuwa amelala kwenye kiti. Nikahifadhi.

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, tulipanda kilimani. Bwawa la Manchira linaonekana lote kutoka pale, na wanawake wanaochota maji wanaonekana wadogo kama punje. Mzee Wambura alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya shati la michezo. Nilimsalimia nikiangalia viatu vyake.

"Marahaba. Huyu anaumwa?"

"Hapana, baba," shangazi alisema. "Ana haya."

"Haya si mbaya. Ng'ombe wangu mmoja ana haya, na ndiye anayetoa maziwa."

Shangazi akamwonyesha swichi tena. Mzee akazima, akahesabu mpaka thelathini kwa Kiswahili, akawasha, taa ya kijani ikarudi. Akaelezwa: meseji ikija, fanya hivyo hivyo, usingoje. Kisha shangazi akabonyeza kwenye simu yake kuiambia kompyuta ya Mugumu itume meseji ya majaribio. Kitochi cha mzee, simu ndogo ya vitufe, kikalia mfukoni. Akakitoa, akakisogeza mbali na macho, akasoma polepole midomo ikicheza. Uso wake ukakunjuka.

"Imefika?" shangazi aliuliza.

"Imefika. Marahaba, mjukuu. Marahaba sana."

Shangazi akaandika kwenye daftari lake: *Mzee, imefika.* Hakuna aliyeomba kuiona hiyo simu. Mimi nilifurahi tu kwamba amependa uandishi wangu.

Saa saba mchana tulikuwa Njoo Uone. Hakuna mti, kuna maturubai, maduara ya kuingilia chini ya ardhi, na karasha zinazosaga mawe kwa kelele ambayo unaisikia kwenye meno. Mwenyekiti ni Masanja, Msukuma mnene mwenye sauti ndogo. Pembeni yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa fundi mmoja wa intaneti kutoka Isebania, ng'ambo ya Sirari upande wa Kenya, na antena yake mapajani kama amembeba mtoto.

"Huyu ni nani?" shangazi aliuliza.

"Mgeni wangu, mayu," Masanja alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Anangoja Jumamosi."

"Mimi niko tu, madam," fundi akasema. "Usijali mimi. Ikikufa, nakuja. Isipokufa, narudi nyumbani. Hakuna noma."

"Haitakufa."

"Tunaomba hivyo," alisema yule fundi, akaifuta antena yake vumbi.

Usiku ule Mugumu shangazi hakula. Aliniambia yeye Jumamosi atakuwa Njoo Uone, ili Masanja amwone kwa macho, na mimi nibaki na kompyuta. "Huna cha kufanya. Usiguse kitu. Kompyuta itamwambia mzee, mzee atazima. Wewe angalia tu."

Kazi ya kuangalia tu ndiyo ninayoiweza.

Jumamosi, saa nne na dakika hamsini, namba ya kilimani ikafika themanini na sita. Kompyuta ikatuma meseji ya kwanza. Baada ya dakika mbili jibu la mzee likaonekana kwenye kioo: *Marahaba.*

Nikatulia. Nikajua ameelewa na anatembea kwenda kwenye nguzo. Ni mzee, atatembea polepole.

Saa tano kamili, themanini na saba. Meseji ya pili. Jibu: *Marahaba mjukuu. Sisi wazima.*

Nikasema labda amekutana na mtu njiani.

Saa tano na dakika kumi, themanini na tisa. Jibu: *Marahaba. Bibi yako pia anakusalimu. Ng'ombe wazima.*

Hapo nikasogeza kiti karibu na kioo. Sikuwa nimeuliza habari za ng'ombe. Saa tano na ishirini, tisini na moja. Jibu lilikuja haraka kuliko yote: *Marahaba. Mjukuu kuna msiba?*

Nilifungua mahali zinapokaa meseji zilizotumwa, nikasoma kile mzee alichokuwa anasoma. Kompyuta ilikuwa imepangwa kutuma meseji moja tu, herufi mia na sitini, na kinachozidi inakikata. Ilikuwa imemtumia shikamoo, afya, bibi, wote nyumbani, sisi hatujambo, samahani, heshima kubwa, halafu: *nakuomba uz*. Basi. Mara nne. Asubuhi nzima mzee wa watu alikuwa anasalimiwa na mashine, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, anaitikia.

Nilimwandikia shangazi kwa intaneti. Tiki moja. Ujumbe ulikuwa umekwama palepale ulipokwama mtandao, kilimani. Meseji zake za onyo nazo zilikuwa zinakwenda kwenye simu isiyoshika. Nikafikiri nimwandikie mzee meseji nyingine, fupi. Lakini angesoma kwa dakika ngapi, na angeamini ipi, ya tano au zile nne? Tisini na mbili. Wanunuzi hufika Njoo Uone saa sita. Nikaiona ile antena inafutwa vumbi.

Naandika ukweli: nilienda kwanza kunywa maji. Kisha nikarudi nikakaa. Kisha nikasimama. Saa tano na dakika ishirini na nane nilimpigia mzee simu, na nilipokuwa nasikia inaita niliomba asipokee.

"Haloo! Nani?"

"Shikamoo babu. Ni Bhoke. Wa shangazi Gati."

"Marahabaa! Bhoke wa meseji! Nilisema na bibi yako hapa, mtoto anayesalimia mara nne kabla ya saa sita, huyo ana jambo. Umeamkaje?"

"Salama, babu. Nilikuwa..."

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo. Babu, ile..."

"Na baba yako, Tarime huko?"

"Hajambo."

Tisini na nne.

"Mvua imenyesha Tarime?"

"Sijui. Babu, samahani kidogo, naomba..."

"Kama haijanyesha mseme. Huku ilinyesha juzi. Mahindi yamesimama kama askari. Mwambie baba yako kwamba..."

Tisini na sita. Sijui ile sauti ilitoka wapi. Mimi darasani nikiulizwa swali walimu husogea karibu ili wasikie.

"ZIMA!"

Hata mwenye duka upande wa mbele alizima redio.

"Nizime nini?" mzee aliuliza taratibu.

"Mashine ya kwenye nguzo! Zima sasa hivi! Kimbia!"

"Unamwambia nani akimbie?"

"Wewe!"

Simu ikakatika. Kwenye kioo namba ya kilimani ikageuka kistari chekundu. Na hapo ndipo pabaya, kwa sababu kistari kile kile hutokea ruta ikizimwa na mtu, na hutokea ikifa yenyewe. Sikujua ni kipi. Nilijua tu kwamba nimemfokea mzee wa miaka ya babu yangu, nimemwambia akimbie, na nikamwambia *wewe*. Nilihesabu mpaka thelathini. Nikahesabu mpaka sitini. Nikaanza kufikiri basi la Musoma linaondoka saa ngapi, na kama Musoma kuna mtu anayenijua.

Saa tano na dakika thelathini na tano kistari kikatoweka. Kijani. Asilimia kumi na tisa.

Saa sita wanunuzi walifika Njoo Uone, watu wote wakajiunga, namba ikapanda mpaka sitini na kitu, ikakaa hapo kama kuku anayeatamia. Ilikaa mpaka wanunuzi wakaondoka. Saa nane shangazi akanipigia kwa intaneti, na nilipokea. Nyuma yake nilisikia kelele.

"Bhoke! Wameuza kwa bei ya leo! Masanja anasema mlingoti ubaki. Ulikata kidogo tu kabla ya saa sita, nikajua mzee amepata meseji. Umeona? Nilikuambia hutakuwa na cha kufanya!"

"Yule fundi?"

"Ameniuzia waya wake, kwake ulikuwa mzigo tu. Kwa nini sauti yako imekwama?"

Nikamweleza. Shangazi akasema, "Tutapitia kwa mzee. Utaomba radhi mwenyewe."

Saa kumi jioni tulikuwa kilimani. Mzee Wambura alikuwa amekaa uani, na wanawe wawili, watu wazima wenye ndevu, wamesimama nyuma yake. Nilipiga magoti. Niliomba radhi nikiangalia ardhi, nikamweleza kuhusu herufi mia na sitini. Mzee alinyoosha kidole kwa wanawe.

"Hawa," alisema, "mmoja akitaka mbuzi, ananizunguka siku tatu. Leo anauliza mvua, kesho mgongo wangu, keshokutwa ndiyo mbuzi. Mimi nakuwa nimeshachoka. Simama, mtoto. Rudia ulivyosema, wasikie."

"Zima," nilisema.

"Sivyo hivyo. Kwa sauti ile."

"Baba, ameshatubu," shangazi alisema, lakini alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Mimi nilikimbia!" mzee akasema. "Tangu nilipooa sijakimbia. Nataka wajue nilikimbizwa na nini."

Basi nikasimama, nikafumba macho, nikapiga kelele: "ZIMA! KIMBIA! WEWE!" Kuku wakaondoka. Bibi akatoka jikoni na mwiko. Wanawe walisogea nyuma hatua moja, kweli kabisa, na mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanipa mahindi mabichi kumi na mawili nipeleke kwa baba, akasema niwaambie Tarime kwamba mvua huku ipo.

Tulifika nyumbani saa tatu usiku. Njiani shangazi alizuia kompyuta isimtumie mzee chochote mpaka niandike upya. Nilichojifunza katika safari hii si kufunga ruta, maana hiyo bado sijui vizuri. Ni kwamba kuna kazi ya mashine na kuna kazi yangu, na mimi nilikuwa nimeiachia mashine ile kazi ninayoiogopa. Mashine haisikii haya ikisalimia, na haingoji jibu. Mzee aliitikia mara nne, na upande wa pili hapakuwa na mtu.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilikwenda kwenye duka la shangazi hapa Tarime, nikaingia kwa intaneti kwenye kompyuta ya Mugumu, nikafuta barua yangu yote. Nikaandika: *Kilimani 85. Zima, hesabu 30, washa.* Nikatuma moja ya majaribio kwenye simu yangu, na safari hii nilisoma kile kilichofika, herufi kwa herufi. Halafu nikafunga mlango wa duka, nikapiga simu, na mzee alipopokea nikamsalimia mwenyewe, nikauliza bibi, wanawe, mahindi na ng'ombe wote, na nikangoja kila jibu.